Uso, Bei na Maelewano: Lugha ya Kupatana Bei Sokoni

Utangulizi

Mwanafunzi aliyesoma isimujamii katika shule ya upili nchini Kenya anaifahamu sajili ya biashara. Akiulizwa sifa zake, ataziorodhesha bila kusita: sentensi fupi, kuchanganya ndimi, chuku, msamiati wa fedha na bidhaa. Orodha hiyo ni sahihi na humpatia alama. Hata hivyo, haielezi jambo lililo kuu zaidi, yaani jinsi watu wawili wenye maslahi yanayokinzana wanavyotumia maneno kufikia bei moja na kuachana kwa amani. Makala haya yanalichunguza jambo hilo. Yanashikilia kwamba kupatana bei ni kazi ya kulinda heshima kabla ya kuwa kazi ya hesabu, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo mwafaka za kuitekeleza.

Misingi ya Kinadharia

Brown na Levinson (1987), wakiendeleza fikra za Goffman, wanaeleza kwamba kila mzungumzaji ana uso wa namna mbili. Uso chanya ni haja ya kuthaminiwa na kukubaliwa na wenzake. Uso hasi ni haja ya kutoingiliwa wala kulazimishwa. Ingawa wataalamu hao walitegemea zaidi data ya Kiingereza, Kitamil na Kitzeltal, dhana yenyewe si ngeni kwa Waswahili. Wahenga walikwisha kunena kwamba uso umeumbwa na haya. 

Fisher na Ury (1981), kwa upande wao, wanatofautisha msimamo na haja katika majadiliano. Msimamo ni kile mtu anachokitamka. Haja ni sababu inayomfanya akitamke. Wanaong'ang'ania misimamo hukwama, ilhali wanaozitambua haja hupata njia.

Mfano

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa kufuata mtindo unaosikika katika masoko ya mitumba kama vile Gikomba, Nairobi. Ni asubuhi, na mteja ni kijana.

(1) Mteja: Habari ya asubuhi, mama? Koti hili pesa ngapi?
(2) Muuzaji: Nzuri, karibu kijana wangu. Hilo ni mia nane, lakini tunaelewana.
(3) Mteja: Nipunguzie, mama. Nina mia tatu.
(4) Muuzaji: Mia tatu hata haifikii bei niliyonunulia. Tazama ulivyoshonwa mkono wake. Ongeza kidogo.
(5) Mteja: Ningekuwa nazo ningekupa. Ninaanza kazi Jumatatu, na nauli bado inaningoja.
(6) Muuzaji: Basi, kwa kuwa ni kazi mpya, lete mia tano unifungulie biashara.
(7) Mteja: Haya, mama. Nikilipwa nitawaleta na wenzangu.

Uchanganuzi

Katika (1) salamu inaitangulia bei, na neno "mama" linaufanya uhusiano wa kijamii uwe msingi wa ule wa kibiashara. Muuzaji anajibu kwa "kijana wangu". Nyuso chanya za wote wawili zimekwisha kutunzwa kabla ya mvutano kuanza.

Kauli "tunaelewana" katika (2) ina uzito. Nafsi ya kwanza wingi inawaweka wote wawili upande mmoja, na mteja anaarifiwa kwamba mia nane ni bei ya kufungulia mazungumzo. Kwa mtazamo wa Grice (1975), muuzaji hajavunja kanuni ya ukweli, kwa kuwa pande zote mbili zinajua kwamba bei ya kwanza si ya mwisho.

Kiini cha mazungumzo ni kitenzi "nipunguzie". Mteja angeweza kusema "Punguza bei", lakini hiyo ingekuwa amri inayohusu bei tu. Kauli ya kutendea inaleta mtu ndani ya kitenzi: ni-punguz-i-e. Kinachoombwa sasa ni hisani kwa mtu, nayo dhamira tegemezi inailainisha amri kuwa ombi. Akisema "Bei yako ni ghali mno", atakuwa amemshutumu muuzaji na kumlazimu ajitetee.

Katika (5) mteja anakataa kuongeza pesa bila kutamka neno la kukataa. Kiambishi -nge- kinauhamishia ukinzani kwenye hali: kinachokosekana ni pesa, si nia njema. Papo hapo anafichua haja yake, yaani vazi la kazi na nauli ya kufikia kazi hiyo. Msimamo wa mia tatu sasa una sababu.

Muuzaji anaitumia sababu hiyo katika (6). Kwa kusema "kwa kuwa ni kazi mpya", anashuka hadi mia tano bila kuonekana kwamba ameshindwa. Kisha anarudisha kauli ya kutendea: "unifungulie biashara". Aliyeombwa hisani sasa ndiye anayeiomba, na kwa kulipa mteja anaonekana kuwa amemfaa mwenzake. Hapo pia haja ya muuzaji inajitokeza, nayo ni kuuza mapema ili siku ifunguke. Ahadi ya -ki- katika (7) inauendeleza uhusiano baada ya mauzo.

Mipaka ya Ushawishi

Stadi hizi zisichukuliwe kuwa leseni ya ulaghai. Muuzaji katika (4) anamwelekeza mteja kwenye ushonaji anaoweza kuukagua mwenyewe. Huo ni ushawishi. Angeisifia bidhaa kwa ubora isiokuwa nao, angekuwa anadanganya. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Wahenga nao walionya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitakifikisha kwenye meza za mikataba iwapo wasomi wake wataendelea kuamini kwamba majadiliano ya biashara yana lugha nyingine. Mbinu za sokoni zinafaa ofisini pia. Mnunuzi wa kampuni anayeandika "Tungeagiza magunia mia mbili iwapo bei ingepunguzwa" anakataa bei, anataja haja yake na kumwachia mwenzake nafasi ya kushuka kwa heshima, sawa na kijana wa Gikomba. Kwa hivyo, inapendekezwa kwamba ufundishaji wa sajili ya biashara uanzie kwenye mazungumzo kamili, na mwanafunzi aulizwe kila umbo linamfanyia nini msemaji. Atakayeweza kueleza tofauti ya "punguza" na "nipunguzie" atakuwa amejifunza sarufi, na atakuwa amejifunza kuelewana na watu.