JANI LA CHAI: NI KINYWAJI AU NI DAWA?

Amma baad. Ndugu wasomaji, somo letu ni jani ambalo kila nyumba ya mwambao inalijua. Apitaye Kaplong, katika nchi ya Bomet na Kericho, huyaona mashamba yake yametanda vilimani. Chai ya bara huteremshwa Mombasa, ambako mnada wake umekuwako tangu mwaka 1969, ulipohamishwa kutoka Nairobi.

Siku hizi wako wauzao maji na unga wa majani, wakidai kuwa huua virusi na kurudisha ujana. Imetupasa tupambanue lililothibiti na lisilothibiti.

La kwanza: kilichomo janini. Jani bichi la chai lina dutu ziitwazo katekini. Likisagwa na kuachwa lipigwe na hewa, nyingi hugeuka na jani huwa jeusi. Ndiyo chai yetu ya kila siku. Likipashwa moto mapema, hazigeuki; ndiyo chai ya kijani. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa mche wa chai ya zambarau, TRFK 306, ambao rangi yake ni ya dutu ziitwazo anthosiani.

Kazi ya dutu hizi yafahamika kwa mfano wa kutu. Kama hewa ilavyo chuma, ndivyo ndani ya mwili oksijeni izaavyo vijisehemu vikali viharibuvyo chembe hai. Katekini na anthosiani huvituliza. Katika chupa ya maabara jambo hili ni dhahiri. Lakini tumbo si chupa, na katekini iingiayo damuni ni kidogo.

La pili: virusi. Maabarani katekini imeonekana kuzuia virusi vya mafua na vya ini aina ya C visiingie katika chembe. Hilo ni tumaini, si tiba. Lililothibiti ni hili: mwaka 2006 Marekani iliidhinisha marhamu ya majani ya chai ya kijani kwa chunjua za sehemu za siri, ziletwazo na virusi. Basi tazama: marhamu hiyo hupakwa, hainywewi, kipimo chake chajulikana, na ilijaribiwa kwa wagonjwa, wengine wakipewa marhamu isiyo na dawa ili tofauti ionekane.

La tatu: kosa la kulinganisha. Jani la artemisia lilimpa Tu Youyou wa China dawa ya malaria katika miaka ya 1970, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ulipokuja ugonjwa wa korona, Madagascar ilitoa kinywaji cha artemisia, na Mei 2020 Tanzania ikapeleka ndege kukichukua, hali Shirika la Afya Duniani lilitaka kwanza kijaribiwe. Lakini kijidudu cha malaria si virusi. Kufaa kwa jani katika ugonjwa mmoja si hoja ya kufaa katika mwingine.

La nne: madhara. Mwaka 2018 wakaguzi wa chakula wa Ulaya walieleza kuwa vidonge vya chai ya kijani vyenye miligramu 800 au zaidi za katekini yake kuu kwa siku vyaweza kudhuru ini. Na chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma ya mboga na nafaka. Mja mzito na mwenye upungufu wa damu waitenge na mlo.

Kutafuta dawa ni jambo tulilohimizwa. Lakini wanazuoni wamesema kuwa atibuye watu naye hajui utabibu hudhaminishwa madhara aliyoyaleta. Basi tunywe chai yetu kwa raha, wala mgonjwa asiache dawa ya hospitali kwa ajili ya chupa ya majani. Na ajaye na chupa hiyo aulizwe: imejaribiwa kwa nani, kwa kipimo gani, na ikalinganishwa na nini? Akikosa jawabu, fedha yako na ibaki mfukoni.

Wabillahi tawfiq.