Usitupe Jiwe Lililotoka na Mkojo

Baada ya siku kadhaa za maumivu makali ubavuni, mtu hupitisha kijiwe kidogo kama punje ya mchele, humshukuru Mungu, kisha humwaga maji chooni. Afueni ipo, lakini ushahidi umekwenda. Takriban nusu ya watu waliowahi kupata mawe kwenye figo hupata mengine ndani ya miaka 10, na kijiwe hicho kingemsaidia daktari kujua jinsi ya kuyazuia.

Mawe hayafanani. Mengi ni ya kalsiamu oksaleti. Ya asidi ya yuriki mara nyingi huyeyushwa bila upasuaji, kwa dawa zinazopunguza asidi ya mkojo. Yapo pia ya struvaiti, yanayotokana na bakteria. Yasipoondolewa yote, maambukizi hurudi. Kwa macho tu si rahisi kuyatofautisha.

Ndipo maabara hutumia miale ya infraredi. Haionekani, ila ngozi huihisi kama joto mtu akikaa karibu na jiko la makaa. Kijiwe huoshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha unga wa miligramu chache hupigwa miale hiyo. Kila kemikali hufyonza sehemu yake maalumu, na mashine hutoa mchoro unaolinganishwa na michoro ya kemikali zinazojulikana, kama alama za vidole. Hata jiwe lenye mchanganyiko hutambulika.

Matokeo hufika hadi kwa mama mboga. Mkazi wa Tena mwenye mawe ya oksaleti huambiwa apunguze spinachi na terere. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo, haina haja ya kuachwa. Maziwa pia yasikatwe, ingawa wengi hudhani kalsiamu ndiyo adui: kalsiamu ya chakula huinasa oksaleti matumboni kabla haijafika kwenye figo. Cha kupunguza ni chumvi. Na kwa mawe ya aina zote, anywe maji ya kutosha kutoa takriban lita 2.5 za mkojo kwa siku, jambo gumu wiki ambazo mifereji imekauka na maji ni ya kununua kwa mtungi.

Anayetarajia jiwe kutoka akojoe kupitia chujio la chai ambalo halitarudi jikoni, alikaushe jiwe, aliweke kwenye kichupa safi na kumpelekea daktari. Si kila maabara ina mashine hii, lakini sampuli kavu inaweza kutumwa kwingine.

Maumivu yakiambatana na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika kabisa, mgonjwa asingoje jiwe. Aende hospitali mara moja. Kwa wakazi wa Tena, Mama Lucy Kibaki iko karibu.