Ndege Mmoja, Alama Mbili: Asili na Maana ya "Niao" na "Zhui" katika Maandishi ya Kichina

Maandishi ya Kichina yana alama mbili za kale zinazomchora ndege. Ya kwanza ni 鳥, isomwayo niao, na ya pili ni 隹, isomwayo zhui. Swali linalozuka ni hili: ikiwa kiumbe ni kimoja, mbona alama ni mbili?

Jibu linalorudiwa mara kwa mara katika vitabu vya wanafunzi lilitolewa na Xu Shen, mwanazuoni aliyekamilisha kamusi iitwayo Shuowen Jiezi mnamo mwaka wa 100 B.K. Kwa mujibu wake, niao ni jina la jumla la ndege wenye mikia mirefu, ilhali zhui ni la wenye mikia mifupi. Maelezo haya ni mepesi kukariri, na huenda ndiyo sababu yamedumu. Hata hivyo, hayaoani na msamiati wenyewe. Korongo, ambaye mkia wake ni mfupi, huandikwa 鶴, kwa niao. Zhi, ndege wa porini wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu mno, huandikwa 雉, kwa zhui. Kuku naye ameandikwa kwa njia zote mbili, 雞 na 鷄, na la ajabu ni kwamba maumbo haya yote yamo katika kamusi ya Xu Shen mwenyewe. Je, kuku yule yule alikuwa na mikia miwili?

Ili kumtendea haki Xu Shen, ikumbukwe kwamba enzi zake ushahidi mkongwe zaidi ulikuwa umefukiwa ardhini. Huo ni maandishi ya ramli ya utawala wa Shang, yaliyochongwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe kuanzia takriban mwaka wa 1250 K.K., na ambayo wasomi hawakuyatambua hadi mwaka wa 1899. Humo, niao ni picha iliyokamilika zaidi ya ndege, yenye mdomo na kichwa kinachoonekana wazi. Zhui ni mchoro wa mkato wa ndege huyo huyo. Tofauti imo katika mkono wa mchoraji, wala si katika mkia.

Matumizi nayo yalizitenganisha. Wachongaji wa ramli waliiazima zhui kwa ajili ya sauti yake, wakaitumia kuandikia kijineno cha kisarufi kisichohusiana na ndege hata kidogo. Baadaye kijineno hicho kiliongezewa alama ya mdomo, 唯, au ya moyo, 惟. Niao ilibaki kuwa neno la kawaida la ndege. Zhui ikawa hasa kiungo cha kuundia alama nyingine. Ndege juu ya mti, 集, ni kukusanyika. Ndege wawili mkononi, 雙, ni jozi. Katika Kiswahili, neno ndege hubeba maana ya kiumbe, ya chombo kirukacho angani na hata ya ishara ya heri au shari, bila tahajia kubadilika.

Aidha, mwanafunzi asihadaiwe na vitone vinne vilivyo chini ya 鳥. Vinafanana na alama ya moto, lakini vilitokana na miguu na mkia wa ndege.

Kunguru huandikwa 烏, yaani niao iliyopungukiwa na mstari mmoja, ule wa jicho. Maelezo ya jadi ni kwamba kunguru ni mweusi kiasi kwamba jicho lake halionekani. Mageuzi ya maandishi yaliyotangazwa China mwaka wa 1956 yaliipunguza niao kutoka mistari 11 hadi 5, ingawa Taiwan na Hong Kong bado zinaandika umbo la zamani. Vitone vinne vya chini vikageuka kuwa mstari mmoja. Jicho halikuondolewa: ni kile kitone kilichomo ndani ya 鸟, ambacho kunguru, 乌, hana.