Liemba na ratiba ya injini

SWALI: Sisi wa Karema meli ya Liemba ikisimama kwa matengenezo tunakwama. Kwa nini wasibadilishe injini haraka?

JIBU: Injini ya meli haipiti mlangoni. Sitaha hukatwa, kisha shafti ya rafadha hupimwa upya, maana ikienda upande kidogo tu hula beringi. Kwa hiyo kazi hiyo huunganishwa na ya mabati ya chini. Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitolewa injini za mvuke ikawekewa dizeli miaka ya 1970.

Kazi kubwa kama hiyo haianzwi kabla ya maandalizi kukamilika: hata mtambo wa nyuklia wa Koeberg, Afrika Kusini, uliahirisha kubadilisha majenereta ya mvuke mwaka 2022 kwa sababu maandalizi hayakukamilika. Walifanya vyema. Ninyi daini ratiba itangazwe mapema, na chombo mbadala kiwepo.