Nyama Choma: Uundaji wa Neno na Mipaka ya Usanifu katika Kiswahili cha Bonde la Ufa

IKISIRI

Makala hii inachunguza istilahi ya nyama choma kama inavyotumika Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa nchini Kenya. Aghalabu istilahi hii huchukuliwa kuwa ufupisho wa kizembe wa kirai nyama ya kuchoma, na wanafunzi huonywa wasiitumie katika maandishi rasmi. Makala inadai kwamba nyama choma ni nomino ambatani iliyokomaa, yenye maana ambayo virai vinavyopendekezwa badala yake haviwezi kuibeba. Aidha, inapendekeza kigezo cha kupambanua miundo ya aina hii inayostahili kuingizwa kamusini na ile isiyostahili.

1.0 UTANGULIZI

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishauteremka ukingo wa Bonde la Ufa na kuipita miji ya Naivasha na Gilgil, hufika Kikopey, si mbali na Ziwa Elmenteita. Hapo moshi humlaki kabla hajaviona vibanda. Madereva wa malori yaendayo Uganda na Rwanda, abiria wa matatu na familia zilizo safarini huteremka, huchagua paja au mbavu za mbuzi zikiwa zimening'inia buchani, nyama hupimwa kwa kilo, kisha hupelekwa jikoni. Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, upepo wa bondeni hutimua vumbi jingi. Inasemekana hata jina Nakuru lina asili ya Kimaasai na linahusiana na vumbi. Kwa hiyo jiko hukingwa kwa mabati. Makaa yakipulizwa na upepo huwaka kwa pupa, nyama ikaungua nje na kubaki mbichi ndani.

Juu ya kuta za bucha hizo mna maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: NYAMA CHOMA. Maneno hayo yanaeleweka na kila apitaye. Hata hivyo, mwanafunzi akiyaandika katika insha, kalamu nyekundu huyafuata, na pembeni huandikwa: "nyama ya kuchoma" au "nyama iliyochomwa". Swali linalozuka ni hili: je, masahihisho hayo yanasema kile alichokusudia mwanafunzi?

2.0 MSAMIATI WA MOTO

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Moto nao ni vivyo hivyo. Kiswahili kina vitenzi kadha vya kupika bila maji wala mafuta. Kuoka, ambako leo shuleni huhusishwa zaidi na mkate na keki, katika matumizi ya zamani ya pwani kulihusu pia nyama na samaki. Kubanika ni kuweka nyama au samaki karibu na moto, aghalabu kwa kubanwa katika kijiti kilichopasuliwa. Kuchoma nako kuna maana pana mno: mwiba huchoma, sindano huchoma, maneno makali huchoma, mtu huchoma mahindi, huchoma makaa, huchoma matofali na huchoma takataka.

Pwani imejaliwa nomino zake za mapishi haya. Mshikaki ni vipande vidogo vya nyama vilivyolowekwa katika ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, vikatungwa kijitini na kuwekwa juu ya seredani. Mapishi haya hupatikana Forodhani mjini Zanzibar penye upepo wa bahari, na ng'ambo ya bahari, nchini Oman, chakula cha aina hiyo huuzwa kando ya barabara kwa jina la mishkak. Hakuna mhariri anayeukataa mshikaki ingawa umbo lake halielezi kwamba nyama hiyo imepitia motoni. Neno limepewa kitu chake na limekubaliwa.

Mapishi ya Kikopey ni mengine kabisa. Nyama huwekwa juu ya wavu wa chuma ikiwa mapande makubwa yenye mifupa. Kiungo chake ni chumvi. Paja la mbuzi huweza kuchukua saa nzima au zaidi, likigeuzwa polepole juu ya makaa yaliyokwisha kufanya jivu. Likiiva hukatwakatwa juu ya ubao mbele ya walaji, likaliwa kwa mkono pamoja na ugali na kachumbari. Chakula hiki si mshikaki, wala hakikubanikwa. Bara ilihitaji jina la kukiita, nayo ikaliunda.

3.0 UMBO LA NENO

Wanaoikataa istilahi hii wana hoja nzito. Kwa kawaida Kiswahili hakiruhusu shina la kitenzi kufuata nomino na kuieleza bila kiungo chochote. Ambatani zetu nyingi zenye kitenzi hukitanguliza: mpiga picha, kipaza sauti, kipimajoto, chemshabongo. Hata mtu anayefanya kazi hii ya moto huitwa mchoma nyama, kitenzi kikitangulia na yambwa ikifuata. Katika nyama choma mpangilio umepinduka.

Pamoja na hayo, mpangilio usio wa kawaida si sawa na kukosa mpangilio. Tuchunguze mifano ifuatayo, ambapo alama ya nyota inaonyesha tungo isiyokubalika:

(a) nyama hii ya kuchoma
(b) *nyama hii choma
(c) nyama choma hii
(d) nyama yetu ya kuchoma
(e) *nyama yetu choma
(f) nyama choma yetu

Kirai nyama ya kuchoma hukubali kiashiria au kimilikishi kupenya katikati, kwa kuwa sehemu zake bado ni maneno huru. Nyama choma hairuhusu kitu kuingia kati. Viambajengo vyote husubiri nje. Hiyo ndiyo sifa ya neno moja, hata likiandikwa kwa nafasi katikati. Zaidi ya hayo, katika mazungumzo ya Nakuru sehemu ya pili imeanza kusimama peke yake na kuchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI: "Choma iko tayari", "Choma yangu iko wapi?" Shina la kitenzi limegeuka nomino. Mabadiliko ya namna hii hayatokei katika kosa la kupitiwa. Hutokea katika neno lililokwisha kuota mizizi.

4.0 MAANA: HATUA NNE ZA PANDE MOJA LA NYAMA

Ushahidi ulio na nguvu zaidi umo katika maana. Tufuate pande moja la nyama kutoka buchani hadi mezani.

Mteja anapomwambia muuzaji, "Nipe nyama ya kuchoma," nyama ingali mbichi. Muundo wa -a unganifu pamoja na ku- hueleza kusudi, kama ilivyo katika maji ya kunywa au nguo za kuvaa. Muuzaji huelewa kwamba atakate paja au mbavu, si nyama ya kuchemsha. Ni kweli kwamba kirai hiki huweza pia kumaanisha nyama iliyokwisha kuiva, lakini utata huo ndio unaokipunguzia ufaafu.

Ikishawekwa wavuni huwa nyama inayochomwa. Hapo hapana ubishi.

Ikitoka motoni, je, ni nyama iliyochomwa? Kisarufi, ndiyo. Kimaana kuna tatizo. Kitenzi katika hali ya kutendwa pamoja na kirejeshi husimulia tukio: kulikuwa na mtendaji, kulikuwa na wakati, na moto ulifanya kazi yake. Hakisemi kwamba matokeo yanalika. Mkaguzi wa nyama akikuta mzoga wenye ugonjwa, anaweza kuamuru uteketezwe. Mzoga huo nao ni nyama iliyochomwa.

Hatua ya nne ni nyama choma, na hapa si tukio tena bali ni aina ya chakula. Hili linathibitishwa na malalamiko mawili ambayo mlaji anaweza kuyatoa bila kujipinga: "Nyama choma hii imeungua" na "Nyama choma hii haijaiva." Lau choma ingekuwa ingali na maana yake kamili ya kitenzi, tungo ya kwanza ingekuwa na marudio na ya pili ingekuwa na mkanganyiko. Zote mbili zinaeleweka kwa sababu nyama choma inataja chakula na utaratibu wake wote: pande kubwa, chumvi, makaa, ubao, kachumbari na watu waliokizunguka. Kwa hiyo anayefuta nyama choma na kuandika nyama iliyochomwa hajasahihisha sentensi. Ameibadili.

5.0 MAZINGIRA YA KIHISTORIA

Kwa nini umbo hili likastawi bara? Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904. Mwaka huo huo Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya Bonde kwa mkataba na serikali ya kikoloni, na ardhi ikafunguliwa kwa walowezi. Mashamba makubwa yalivuta wafanyakazi wa jamii nyingi: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo, Wakisii na wengineo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, lakini Kiswahili kilichosafiri mbali na pwani na kupunguziwa viambishi njiani. Kile kilichoitwa Kisetla, yaani Kiswahili cha walowezi na watumishi wao, kilitumia mashina ya vitenzi yakiwa uchi. Muundo wa nyama choma unalingana na mazoea hayo, na yamkini baadhi ya chuki dhidi yake inatokana na ukoo huo.

Hata hivyo, historia hiyo ina upande wa pili. Kila jamii kati ya hizo ilikuwa na desturi yake ya kuchoma nyama. Wamaasai wana olpul, kambi ya nyama iliyo mbali na boma. Wakikuyu walikuwa na mbuzi wa kuchinjwa katika shughuli za kimila. Majina hayo yote yana wenyewe. Jina la Kiswahili halikuwa la jamii yoyote, na kwa sababu hiyo likawa la wote. Madereva wa masafa marefu wanaopumzika Kikopey na Salgaa hulitumia, na ng'ambo ya mpaka, Arusha na Dar es Salaam, neno hilo hilo limo vinywani na katika mabango.

6.0 MIPAKA YA MUUNDO

Ikiwa nyama choma itakubaliwa, je, mlango hautakuwa wazi kwa kila kitu? Hofu hii ni ya haki, na inajibiwa kwa kuchunguza mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni wa maana. Katika mikahawa husikika mayai chemsha na mahindi choma. Lakini mayai chemsha hayana maana yoyote isiyokuwamo katika mayai ya kuchemsha, na mahindi choma ni mahindi ya kuchoma tu. Hapa kirai sanifu kinatosha, na mwalimu ana haki ya kukidai. Kigezo kinachopendekezwa ni kwamba ambatani iingizwe kamusini pale tu ambapo kuibadilisha kwa kirai sanifu kunapoteza maana. Nyama choma inafaulu mtihani huo; mayai chemsha hayafaulu.

Mpaka wa pili umewekwa na wazungumzaji wenyewe. Hakuna asemaye *matofali choma wala *makaa choma, ingawa vyote hupitia motoni. Wala hakuna asemaye *nyumba choma. Jambo hili la mwisho lina uzito wake katika eneo hili. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliuawa na nyumba kuteketezwa Nakuru na Naivasha mnamo Januari 2008. Anayesimulia siku hizo husema nyumba zilizochomwa: husema kwa kirejeshi na kwa hali ya kutendwa, miundo inayobakiza swali la nani na lini. Umbo la choma lisilo na mtendaji wala wakati wazungumzaji wameliwekea chakula peke yake. Sarufi ya mitaani, inayodhaniwa kuwa haina kanuni, imetenganisha moto wa kula pamoja na moto wa kuangamizana. Kamusi haina budi kuutazama utenganisho huo kabla ya kuuita uzembe.

7.0 HITIMISHO

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Nakuru nayo ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Iwapo leseni, kanuni za afya na matangazo ya umma yataandikwa kwa Kiswahili kama inavyostahili, mfasiri atalazimika kuchagua jina la biashara hii. Akiandika nyama iliyochomwa katika kanuni za afya, ataweka paja la mlaji na mzoga wa mkaguzi katika fungu moja. Usanifishaji ulikusudiwa kuondoa utata, hapa unauleta.

Inapendekezwa basi kwamba nyama choma iingizwe chini ya kidahizo nyama, iandikwe kwa maneno mawili kama ilivyozoeleka, na ielezwe kwa maana yake mahususi. Kwa upande wao, walimu waendelee kudai -a unganifu pale inapohitajika, lakini wamweleze mwanafunzi ni wapi na kwa nini. Mwanafunzi wa Njoro au Gilgil anayeambiwa tu kwamba neno la kwao ni kosa hujifunza jambo moja: kwamba Kiswahili ni mali ya watu wengine.

MASWALI YA MJADALA

1. Kwa kutumia kigezo cha sehemu ya 6.0, jadili hadhi ya maneno haya: kuku choma, kuku kienyeji, viazi karai.
2. Linganisha mchoma nyama na nyama choma kimuundo na kimaana.
3. "Kosa likirudiwa na wengi huwa kanuni." Je, hoja ya makala hii inategemea dai hilo? Fafanua.