Usishuke Mombo

Mara ya kwanza nilipokwenda Sigi, kwenye milima ya Usambara, nilishuka Mombo, njia panda ya Lushoto. Konda aliniuliza, "Kaka, una uhakika?" Nami, kwa kiburi cha mtu mwenye ramani kwenye simu, nikamjibu ninao. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nimeizunguka Usambara yote nikiwa kitandani kwangu Sinza. Kona za Soni nilizipanda kwa kidole, picha za Lushoto nikazitazama mpaka nikahisi nawajua wauza matunda wa Mombo kwa sura. Kwenye kioo cha simu, Lushoto na Amani ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Mstari ulionyooka kati yao haufiki kilomita 60. Nikapanga: nalala Lushoto, kesho mchana niko Sigi, miguu mtoni.

Mchana ule ulinikuta bado nasubiri gari.

Usambara ni mbili. Ya Magharibi ndiyo ya Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae. Ya Mashariki ndiyo yenye Amani na hifadhi yake ya msitu, na Sigi iko chini yake, kwenye mlango wa hifadhi hiyo. Katikati kuna bonde la mto Lwengera, na mtu wa basi halivuki. Anateremka tena Mombo, anarudi Korogwe, anafika Segera, anakata kushoto kwenda Muheza, kisha ndipo anaanza kupanda upya. Jumla ni zaidi ya kilomita 150, na nauli nne mfukoni mwa watu wanne tofauti. Ramani haikunidanganya, kwa kweli. Mimi ndiye niliyesahau kuiuliza milima.

Kwa hiyo, kama Sigi ndiko unakokwenda, panda basi la Tanga, utoke Dar au Arusha, na ushuke Muheza. Usikubali kuachwa Segera eti "magari ya Muheza yamejaa hapa". Yamejaa kweli, yaani ndani hamna nafasi. Nilisimama pale saa nzima nikinunua vitu nisivyovihitaji kwa sababu tu wachuuzi walikuwa wameshaniita mjomba.

Kaa dirishani kutoka Segera. Safu za mkonge zinazokwenda mpaka macho yachoke ni historia ya dunia nzima iliyopandwa kwenye mistari. Mpwa wangu niliyekuwa naye safari ya pili alikuwa amemaliza kuzunguka majimbo ya Marekani shuleni kwa kompyuta, jimbo baada ya jimbo, na alinieleza mamba wa Florida kana kwamba amewafuga. Nikamwonyesha dirishani: Florida yako ile pale. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilizungukia Hamburg, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yaliyoipa Tanga jina, pamoja na makambi ya manamba, vibarua waliotolewa mikoa ya mbali kuja kukata mkonge, chanzo chake ni ile miche 62. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mkonge una mamba.

Sasa Muheza. Mji wenyewe sina ugomvi nao: machungwa yake matamu, na ukipata bada kwa samaki kwa mama ntilie yeyote utashiba mpaka jioni. Ugomvi wangu ni stendi. Mabasi ya huku yanafuata mahitaji ya watu wa milimani. Alfajiri yanateremka na watu wenye iliki, karafuu na pilipili manga, pamoja na wagonjwa wa hospitali. Mchana yanapanda na watu hao hao, sasa wakiwa na sukari, mabati na godoro. Ukifika Muheza saa tatu asubuhi unaona gari limeegeshwa, na kijana anakwambia "linatoka sasa hivi". Hilo "sasa hivi" ni saa nane. Nililipa, nikaketi, nikachemka ndani ya bati lile karibu saa tano. Usilipe kabla ya injini kuwaka. Muulize mama yeyote mwenye mzigo mkubwa, siyo mpiga debe. Mama anajua, na hana cha kupata kwa kukudanganya.

Bodaboda ndiyo njia ya pili. Kwangu bei ilianza shilingi 60,000, tukamaliza 25,000, na njiani dereva akasimama kudai ya mafuta. Patana bei mpaka getini Sigi, taja neno "Sigi" na siyo "Amani", kwa sababu kati ya hapo na Amani kuna mpando mwingine unaolipiwa kivyake. Ukisikia mtu anasema "Zigi", ni pale pale. Mto na mahali vinaandikwa kwa namna zote mbili, na kuna siku nilibishana na mwenye pikipiki kuhusu herufi moja huku jua likizama.

Msimu una neno. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kuanzia Machi hadi Mei barabara hiyo ya udongo hugeuka sabuni. Nenda Juni au Julai, au Januari, na uchukue sweta. Fedha taslimu toa Muheza, kwa sababu juu hutakuta mashine ya benki.

Getini ndipo niliumia zaidi. Kiingilio cha hifadhi hakipokelewi mkononi. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, unaonyesha ujumbe. Utaratibu mzuri, ila laini yangu haikushika mnara wowote, na nilipanda mawe, nikapanda ukuta, mwishowe nikamlipa muuza duka wa kijijini anilipie kwa laini yake, na chai juu. Beba laini mbili za kampuni tofauti. Bei za raia na za mgeni hazifanani hata kidogo, kwa hiyo Mtanzania asisahau kitambulisho.

Ukishavuka hapo, sahau yote niliyolalamikia. Sigi iko kwenye mita 450 hivi juu ya bahari, na joto la pwani bado halijakata tamaa, lakini mto uko pale, na kelele zake zinafunika za pikipiki. Jengo la zamani lenye mapokezi ya wageni lilikuwa la stesheni. Ndiyo, treni. Wajerumani walikuwa wameanza kutandika reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893, na kati ya 1904 na 1910 wakachomoa tawi jembamba la kilomita 23 hivi, kutoka Tengeni hadi hapa, ili kushusha magogo. Reli iling'olewa zamani. Kilichonishika hapo ni kusimama mwisho wa reli isiyokuwepo, na kuona jinsi msitu ulivyoirudia njia yake. Nenda ukaguse kuta. Usiulize vitu vingi kwanza.

Kutoka Sigi panda Amani kwa miguu kama magoti yako yanakuruhusu. Unaanza mita 450 na kuishia kama 900, na kila saa hewa inabadilisha shati. Chukua mwongozaji wa pale pale, anayejua miti kwa Kisambaa. Yule wangu alinionyesha kitu ambacho wageni wengi hukipiga picha wakidhani ni msitu wa tangu Nuhu: miti mirefu iliyonyooka ya Maesopsis, iliyoletwa na kupandwa, kisha ikatoroka na kujipenyeza msituni. Tangu siku hiyo siamini tena maneno "msitu wa asili" yaliyoandikwa kwenye vipeperushi.

Pale juu kuna taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Waingereza wakaiendesha baada yao, na mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ya kilimo ikahamishiwa Muguga, Kenya, kisha wakaingia watu wa malaria. Bustani ya mimea ya enzi hizo bado ipo, na kwangu ndiyo ya kuvutia kuliko yote: mikwinini, mikarafuu na miti mingine iliyoletwa kutoka pembe zote za dunia, mingi bila kibao chenye jina. Wengine huona huo ni uzembe. Mimi niliufurahia, unalazimika kumuuliza mtu.

Kuhusu lile ua dogo la zambarau ambalo kila mgeni wa Ulaya huliulizia: Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Tanga, ndiye aliyeliokota mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Sasa linakaa kwenye madirisha ya bibi wa Berlin na Chicago. Porini linajificha kwenye mawe yenye kivuli, na halina ukubwa wa kuringia. Likikutana nawe, vizuri. Usilipie nusu siku kulitafuta. Vipepeo nenda uwaulizie kijijini Shebomeza. Wanakijiji waliwahi kuwafuga na kupeleka pupa kwenye maonyesho ya ng'ambo, mpaka mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na watu wakabaki na vizimba.

Nitasema na hili, ingawa jamaa zangu wa Lushoto watanuna. Irente, pale ukingoni karibu na Lushoto, inasifiwa kupita kiasi. Ukingo ni mzuri, lakini nilikuta foleni ya watu wakingoja zamu ya kukalia jiwe moja kwa ajili ya picha moja. Kama umefika Magharibi, afadhali nenda Vuga, kwenye makao ya wazumbe wa Wasambaa waliotokana na Mbegha, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala milima hii kabla Mjerumani hajafika. Hakuna jiwe la kukalia. Kuna wazee, na wanataka salamu kamili kabla ya swali.

Lala Amani au Sigi kwenye nyumba ya wageni ya hifadhi, na uagize chakula cha jioni ukiwa bado umevaa viatu vya njia, kwa sababu kuku hukimbizwa akiwa hai. Basi la kuteremka hupita kukiwa bado giza. Honi yake ni moja, haina ya pili. Ukilikosa, subiri lori la chai kutoka mashamba ya juu, na umwombe dereva kwa adabu akuweke mbele. Nyuma kuna magunia, na baridi ya saa kumi na mbili ya Amani haiulizi umetoka wapi.