Unakwenda Tamasha Dogo la Dadu? Soma Vidokezo Hivi Kwanza

Mwaka 1968 Gary Gygax alikodi ukumbi mmoja mjini Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, kwa dola 50, akawaita wapenzi wa michezo ya vita ya mezani waje wacheze pamoja. Walikuja yapata watu mia moja. Mkutano ule uliitwa Gen Con, na siku hizi hufanyika Indianapolis na kukusanya watu zaidi ya 70,000. Lakini Marekani bado ina matamasha mengi ya kiasi kile cha kwanza: hoteli ya pembeni ya mji, vyumba viwili vitatu vya mikutano, meza kumi na kitu, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana. Haya ndiyo ninayoyapenda, na kila anayeniuliza aanzie wapi humwambia aanzie hapa.

Kwa ambaye hajawahi kucheza michezo ya hadithi na dadu inayochezwa huko: kuna msimulizi mmoja, ambaye wachezaji humwita gemu masta, na wachezaji wanne hadi sita. Kila mchezaji ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilichopo mbele yenu, wewe unasema mhusika wako anafanya nini, na penye shaka dadu zinaamua. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ulikuwa Dungeons & Dragons, wa Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974. Aliyekulia kwenye "paukwa" na "pakawa" atauelewa upesi. Tofauti ni kwamba hapa anayeitikia ndiye anayeamua sungura aingie shimo lipi.

1. Jiandikishe mapema, ila usijaze ratiba.
Tamasha dogo mara nyingi lina awamu tano: moja Ijumaa usiku, tatu Jumamosi, moja Jumapili asubuhi, na kila awamu huchukua kama saa nne. Ukiiona ratiba utazitaka zote. Cheza tatu, ukizidi sana nne. Mwaka wangu wa kwanza nilijiandikisha zote tano, na ilipofika Jumamosi saa mbili usiku nilikuwa nimekaa mezani kichwa kizito, neno halitoki, na wenzangu walikuwa wakinitegemea. Awamu uliyoiacha wazi ina faida zake: ndipo utakapopata muda wa kuzungumza na watu, na ukitaka kucheza ghafla, haikosekani meza iliyopungukiwa mtu mmoja. Ukijua huendi mahali ulipojiandikisha, futa jina lako mapema. Viti ni vichache na kuna mtu anakisubiri hicho.

2. Mchezo mmoja uwe usioujua kabisa.
Kama umezoea Dungeons & Dragons, jaribu Call of Cthulhu, uliobuniwa na Sandy Petersen na kutolewa mwaka 1981. Kule unarusha dadu ya pande 20 ukiomba namba kubwa. Huku unarusha dadu mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja, ukiomba namba ndogo. Kama ujuzi wako wa kusikiliza ni 55, ukipata 55 au chini yake umesikia nyayo ghorofani. Ukipata 56 umepitwa. Mhusika wako anaweza kuwa mwalimu, daktari au mwandishi wa habari, mtu wa kawaida aliyekutana na jambo lisilo la kawaida, na akili yake inaweza kuvurugika kabla mwili haujaguswa. Usihofu kwamba utachelewesha watu. Msimulizi wa tamasha hutarajia wageni, na huja na wahusika aliokwisha kuwaandaa, karatasi iko tayari.

3. Usinunue kitabu chochote kabla ya kwenda.
Vitabu hivi ni ghali, ni vizito, na mezani hutavihitaji. Cheza kwanza.

4. Mfuko uwe mwepesi.
Seti moja ya dadu ina dadu saba: za pande 4, 6, 8, 12 na 20, na mbili za pande kumi. Inatosha wikendi nzima. Beba penseli mbili na ufutio, maana namba za uhai wa mhusika hupanda na kushuka na kalamu ya wino itakuchafulia karatasi. Chupa ya maji iwe na kifuniko, kwa sababu meza moja ina karatasi za watu sita. Beba sweta pia. Vyumba vya mikutano vya hotelini hupigwa kiyoyozi mpaka vidole vinaganda. Na kama unapenda kuwaletea wenzako kitu cha kutafuna, jambo zuri sana, uliza kwanza kuhusu karanga. Kashata za karanga kwetu ni ukarimu, lakini wapo watu ambao karanga zinaweza kuwapeleka hospitali.

5. Tengeneza kibao cha jina.
Kunja karatasi ngumu katikati isimame kama paa la nyumba. Upande unaowaelekea wenzako, andika jina lako kwa herufi kubwa, na chini yake jina la mhusika na kazi yake. Kama unaitwa Mwanaidi au Ng'wanza, litamke polepole mara moja mwanzoni na uwaache warudie. Usilikate jina lako ili kuwarahisishia. Watu wanaojifunza kutamka majina ya mazimwi na falme za kubuni watajifunza na lako, tena kwa furaha.

6. Mpe mwenzako zamu.
Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote, na ukisahau vingine usisahau hiki. Mezani mmeketi watu msiofahamiana. Wawili watakuwa wasemaji, na mmoja atakuwa kimya, huenda kwa aibu, huenda kwa sababu hajaelewa kanuni na anaogopa kuuliza.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa kwenye meza ya Call of Cthulhu. Kijana mmoja alikuwa amepewa mhusika mkutubi. Kwa karibu saa mbili hakusema zaidi ya "sawa". Alikuwa ameshikilia penseli kwa mikono miwili na karatasi yake haikuwa na alama hata moja. Sisi wengine tulikuwa tunabishana kama tuvunje mlango wa ghala au tusubiri usiku. Mama mmoja aliyeketi ncha ya meza alimgeukia akasema, "Mkutubi wetu anaonaje? Wewe ndiye pekee uliyelisoma lile daftari." Kijana alitazama karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba daftari lilikuwa na ukurasa mmoja aliouficha asituonyeshe, kwa sababu uliandikwa na baba yake. Msimulizi aliiweka penseli chini. Ukurasa ule haukuwa kwenye maandalizi yake. Saa mbili zilizobaki hadithi yote iligeuka kuwa ya mkutubi na baba yake, na hakuna aliyeukumbuka tena ule mlango.

Angalia alivyouliza yule mama. Hakumwambia kijana "mbona kimya?" Alimwita mhusika wake, akamuuliza jambo ambalo mhusika huyo peke yake angeweza kulijibu. Fanya hivyo walau mara moja katika kila awamu. Na ukishasema jambo lako kubwa, nyamaza kidogo uone nani anataka kuingia.

7. Ijue kadi ya X.
Meza nyingi huwekewa kadi yenye alama ya X katikati. Ni ubunifu wa John Stavropoulos. Kama hadithi imefika mahali panapokuumiza, unaigusa kadi, na jambo lile linaondolewa kwenye hadithi. Hulazimiki kutoa sababu wala hakuna atakayekuuliza. Aliyefiwa majuzi, au aliyekimbia vita vya kweli, ana haki ya kucheza bila kurudishwa kule. Ukiona mwenzako ameigusa, badilisha mwelekeo na uendelee, usimkodolee macho.

8. Kula, lala, oga.
Wachezaji wana kanuni ya 5-2-1: kila siku angalau saa 5 za usingizi, milo 2, na kuoga mara 1. Wengine hubadilisha namba, lakini maana ni ileile. Chumba chenye watu sitini wamekaa bega kwa bega tangu asubuhi kinataka kila mmoja aikumbuke hiyo namba ya mwisho. Mimi ningeongeza: toka nje ukaone jua mara moja kati ya awamu ya asubuhi na ya mchana.

9. Kama husikii, sema.
Meza nne zinaweza kuwa katika chumba kimoja, na jirani wakishinda pambano watapiga kelele. Omba kusogea karibu na msimulizi. Kama Kiingereza kinakwenda kasi, mwombe arudie. Hakuna msimulizi mwema atakayechukia, kwa sababu naye anataka umsikie.

10. Mshukuru msimulizi kwa jambo mahususi.
Kwenye matamasha haya wengi wao hawalipwi. Wameandika hadithi, wamechora ramani, wamechapisha karatasi za wahusika kwa fedha zao. "Asante, ilikuwa nzuri" ni sawa, lakini "sauti ya yule mlinzi wa daraja ilinifanya nimwonee huruma" ataibeba mpaka nyumbani.

11. Jumapili usikimbie.
Awamu ya mwisho ikiisha, mabegi yako mlangoni na watu wanaagana. Baki nusu saa. Kunja meza, panga viti, okota penseli zilizoanguka. Ndipo utakapowafahamu waandaaji, watu wachache waliolibeba jambo lote kwa kujitolea, na ndipo utakapoambiwa tarehe za mwakani.

Waulize pia kuhusu wasimulizi, kwa sababu matamasha madogo hayana wa kutosha. Kama kuna mchezo mmoja uliocheza ukaupenda, waachie jina lako uuendeshe safari ijayo. Andaa hadithi ya saa nne na wahusika watano, nao watakutafutia meza.